Harith na Jiwe la Tisa

Umekaa London miaka mingapi, na unajua nini kuhusu mtaa unamolala, ukiacha namba ya basi linalokupeleka kazini?

Usikimbilie kujibu. Harith Kombo alikaa Tottenham miaka kumi na saba bila jibu, na yeye ndiye aliyekuwa akiliendesha hilo basi. Alivipita vituo vilevile mara sita kwa zamu, yule mwanamke asiyeonekana wa kwenye kipaza sauti akivitaja kimoja kimoja kwa sauti yake ya kistaarabu, na Harith hakuwahi kujiuliza ni nani aliyevipa majina. Mpaka siku mama mmoja wa Kighana alipopanda, akagusisha kadi yake, akasimama mlangoni na mikoba yake ya sokoni.

"Dereva, hawa Seven Sisters, hawa dada saba, walikuwa akina nani?"

"Sijui, mama."

"Kila siku unapita hapa na hujui?"

Hakusema kwa ubaya. Alicheka, akaenda kukaa. Lakini neno lile lilimkaa Harith kama mwiba wa samaki kooni, na Jumatano iliyofuata, siku yake ya mapumziko, akaenda kutafuta. Akakuta kwamba hawakuwa wanawake hata kidogo. Ilikuwa miti saba iliyopandwa kwa duara, ikafa, ikapandwa mingine, na duara lenyewe bado lipo pale Page Green, hatua chache tu kutoka barabara anayopita kila siku. Harith alisimama mbele ya miti ile na koti lake la kazi, akaitazama kama mtu aliyetambulishwa kwa jirani baada ya miaka kumi na saba.

"Jumatano ile ndiyo iliyomharibu," mkewe Ummukulthum huwaambia watu.

Tangu hapo kila Jumatano alikuwa na safari. Alikwenda Mnara wa London, wageni wengine wakapanga foleni kutazama mataji, yeye akamng'ang'ania askari mmoja amwambie wale kunguru wanaofugwa pale hulishwa nini na nani hushika zamu ya Krismasi. Alikwenda Westminster Abbey, akagundua kwamba sakafu yenyewe ni makaburi na wageni wanakanyaga tu. Harith hakuweza. Alipita pembeni ya kuta kwa ncha za vidole, akiruka majina ya watu, mpaka mhudumu mmoja akamfuata kumwuliza amepoteza kitu gani.

"Mume wangu ana wake wawili," Ummukulthum alimwambia shoga yake kwenye simu, sauti juu ili Harith asikie, "mimi na Malkia Viktoria. Na Jumatano si zamu yangu."

Acha wacheke. Wengi wetu tunaishi nchi hii kama wageni sebuleni kwa mtu. Tumekaa kwenye ukingo wa kiti, mikono magotini, tunangoja kuambiwa tunaweza kuondoka. Tunasafisha hospitali zao, tunawaogesha wazee wao, tunaendesha mabasi yao, halafu tunasema historia ni yao. Harith alikuwa amechoka ukingoni. Alijisukuma nyuma, akaegemea.

Sasa kuna mila moja ya Waingereza ambayo wengi wao wenyewe wameisahau. Zamani, kabla watu wa kawaida hawajawa na ramani, kila parishi ilikuwa na mipaka yake, na mipaka hiyo ilihifadhiwa vichwani. Kwa hiyo kila mwaka, karibu na Alhamisi ya Kupaa kwa Yesu, kasisi na watu wake walizunguka parishi nzima kwa miguu wakiwa na fito za mwerebi, na kila walipofika kwenye jiwe la mpaka, walilichapa. Vijana wadogo walichukuliwa makusudi. Walifinywa, au wakagongwa kichwa kwenye jiwe, ili baada ya miaka sitini, kukitokea ugomvi, wawepo wazee wa kusema: mpaka ni hapa, naukumbuka, uliniuma.

Kanisa moja kongwe, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Tottenham, lilikuwa bado likifanya hivyo. Harith aliona tangazo ubaoni miaka sita iliyopita: watu wote wanakaribishwa. Akaenda. Aliyemweleza habari ya kufinywa ni kiongozi wa matembezi, Bwana Anselm, mtu mrefu mwenye masikio makubwa, mstaafu, aliyepeleka barua za mitaa ile kwa miaka thelathini na moja. Harith alipoisikia alicheka mpaka kasisi akageuka.

Hakuwa anawacheka wao. Baba yake, Mzee Kombo wa Mtambile, Pemba, ndiye aliyekuwa akiitwa mashamba mawili ya mikarafuu yalipogombana. Alimchukua Harith, akamsimamisha kwenye kila mnazi wa mpaka, akamsokota sikio.

"Huu wa nani na nani?"

"Wa Bi Time na wa Shaame, baba!"

"Tena."

"Wa Bi Time na wa Shaame!"

"Hili sikio," Harith alimwambia Anselm akilivuta, "lina mashamba kumi na manne ndani yake."

Anselm alilitazama sikio lile kwa makini, kama anwani iliyoandikwa vibaya, kisha akampa fito.

Miaka sita Harith hakukosa hata mara moja. Mwaka huu, mwezi wa Aprili, Anselm alipasuliwa goti, akasema hawezi tena kutangulia. Watembezi walikaa kwenye ukumbi wa kanisa, wakanywa chai, wakapiga kura, na mikono yote ikamwinukia Harith. Ndiye atakayeshika fimbo ya mbele, ile nene yenye pete ya shaba.

Ummukulthum alikuwa anakanda unga wa chapati alipoambiwa. Mikono ikasimama.

"Wewe? Wamekupa wewe fimbo?"

"Mimi."

"Si utani?"

"Mke wangu, kwa nini nitanie?"

Alimtazama kidogo. "Basi utavaa koti la Idi," akasema, akarudi kwenye unga wake. Lakini Harith alimwona anatabasamu na unga.

Na uelewe uzito wake. Harith alitoka Pemba baada ya risasi za Januari ya 2001, akapitia Shimoni, Kenya, akafika London na begi moja. Tangu siku hiyo nchi hii ilimwomba pasi, ikamwomba barua ya kuthibitisha anwani, ikamwomba alama za vidole, leseni, picha mbili zisizo na tabasamu. Haikuwahi kumwomba atangulie watu wamfuate. Hii ilikuwa mara ya kwanza.

Karibu aipoteze kwa mdomo wake mwenyewe.

Siku tisa kabla ya matembezi kulikuwa na kikao cha kupanga njia. Mawe ni kumi na mawili. Anselm aliyasoma kwenye orodha: la kwanza ukutani mwa kanisa, la pili nyuma ya shule, hivyo hivyo mpaka la nane. Kisha akasema, "La tisa, kwenye kona ya duka la kubashiri mechi," akataka kuendelea na la kumi.

"Samahani," Harith akasema. "Mimi huwa nakuwa nyuma, watu wananizuia kuona. Hilo la tisa liko upande gani wa kona?"

Watu wakatazamana. Mama mmoja akacheka kwa aibu.

"Halipo," Anselm akasema. "Halijaonekana tangu mabomu ya vita. Tunapiga lami pale, tunasema tisa, tunaendelea."

"Tunapiga lami?"

"Ni ishara tu, Harith."

Hapo mtu mwenye busara ya vikao angeitikia kwa kichwa na kuchukua biskuti. Lakini Harith alilelewa na Mzee Kombo, na kwa Mzee Kombo kusimama pasipo mpaka ukasema ni mpaka ni jambo ambalo watu huapizana kwalo. Kwao kuna koo mbili hazizikani mpaka leo kwa sababu ya mtu mmoja aliyeonyesha mnazi usio wenyewe.

"Mimi siwezi," akasema. "Nikiwa mbele, sitapiga lami niwaambie watu ni jiwe."

Anselm alivua miwani.

"Nimeongoza matembezi haya miaka ishirini na miwili. Unasema miaka yote hiyo nimekuwa mwongo?"

"Sikusema hivyo, bwana."

"Umesema hivyo hasa." Alinyoosha mkono, akaichukua fimbo ya shaba iliyoegemea kiti cha Harith, akailaza magotini mwake. "Basi lilete jiwe. Kabla ya Alhamisi. Ukilileta, fimbo ni yako. Usipolileta, nitatangulia mwenyewe kwa goti hili hili, nami nitapiga lami."

Hakuna aliyepinga. Harith alirudi nyumbani mikono mitupu.

"Wewe na mdomo wako!" Ummukulthum akasema. "Ungepiga hiyo lami, ukaja ukatubu nyumbani."

"Ningempigia nani simu nimweleze? Baba kafa."

Ummukulthum akamwekea chai. "Basi litafute," akasema. "Lakini usinichimbie London nzima."

Jumamosi Harith alikwenda kwenye ile kona, akatafuta kama alivyofundishwa: alitafuta mti. Kwao mpaka ni mti, na jiwe likiwepo hukaa kwenye shina. Palikuwa na mti mmoja mkubwa wa mtaani mbele ya duka la kubashiri mechi, naye akauzunguka saa nzima, akichokoa mizizi kwa kijiti, akihisi udongo kwa vidole. Watu walitoka dukani kumtazama. Mmoja akamwuliza kama mbwa wake amezikwa pale. Alipata vizibo vya chupa na ufunguo wa baiskeli.

Bhavini alipohadithiwa alijipiga paja.

"Harithbhai! Hapa mti ni ya manispaa, si ya mpaka! Hiyo mti wamepanda juzi tu, mimi nikiwa tayari nimekuja hii nchi."

Bhavini alizaliwa Kisumu, akaja London akiwa msichana, na kwa miaka mingi alichora ramani kwenye ofisi ya wahandisi. Sasa ni mjane, anaishi Queensbury, na kila Jumanne alikuwa akija Bruce Castle, ile nyumba kongwe ya matofali mekundu iliyo makumbusho, kujitolea kupanga karatasi za zamani. Kiswahili chake kilibaki kilekile cha Kisumu, na Harith ndiye mtu pekee pale aliyekipata. Alimwita Bhaviniben, dada, kwa adabu ya Kigujarati. Yeye akamwita kaka.

Jumanne ile alimtandikia ramani kubwa yenye umri wa zaidi ya miaka mia moja na hamsini.

"Wewe unatafuta na miguu. Kaa chini, sasa tafuta na macho. Hii vidoto-vidoto ni mpaka. Hii herufi mbili, unaona? Hapo palikuwa na jiwe. Hesabu."

Harith alihesabu kwa kidole bila kugusa karatasi. Sita. Saba. Nane, palepale lilipo leo. Kisha vidoto havikwenda kwenye kona kabisa. Viliiacha barabara mapema, vikageuka, vikafuata uzi mwembamba wa buluu.

"Hiki ni nini?"

"Maji. Kijito kidogo. Siku hizi kimefungiwa kwa bomba, kiko chini ya ardhi. Nyumba zote zimejengwa juu yake." Bhavini alivua miwani. "Hapo ndiyo shida, Harithbhai. Duka hizi zote hazipo kwa ramani. Utajuaje maji ilipita wapi?"

Harith alifumba macho. Akaiendesha barabara ile kichwani kama anavyoiendesha mara sita kwa zamu. Taa za barabarani. Duka la dawa. Kituo. Kisha pale, baada tu ya kituo, tumbo likashuka.

"Basi langu huzama hapa," akasema. "Kila siku. Mvua ikinyesha maji hujaa, lazima nipunguze mwendo nisiwarushie watu. Wameijaza lami mara tatu, na mara tatu imedidimia." Akafumbua macho. "Barabara haididimii mahali pamoja bure, Bhaviniben. Chini yake pana mto."

Kile ambacho ramani haikukijua, mgongo wake ulikuwa unakijua kwa miaka.

Zamu ilipokwisha jioni hiyo alikwenda kwa miguu. Mbele ya bonde lile palikuwa na duka la vyakula na bucha la Jotham, Mkenya wa Meru, na mkewe Gakii: magunia ya unga, ndizi za kupika, sukuma wiki, mbuzi wananing'inia nyuma ya kioo.

"Karibu mzee!" Jotham akasema. "Leo mbuzi ni fresh."

"Ahsante, ndugu yangu, lakini sikuja kwa nyama. Nimekuja kukuuliza kama una jiwe."

"Jiwe?"

"Jiwe la zamani. Refu kiasi hiki. Nyuma huko, labda."

Gakii aliacha kupima maharagwe. "Kama ni mawe ya figo, mzee, hospitali iko mbele kidogo."

Harith akawaeleza yote, kuanzia kikao. Walimsikiliza kama watu wanavyosikiliza ndoto ya mtu. Mwishowe Jotham akafungua mlango wa nyuma.

"Iko moja tu huku. Lakini hii ni ngazi."

Mlango ulitokea kwenye uwa mdogo uliozungukwa na kuta pande zote. Chini ya kizingiti palikuwa na jiwe limelala ubavu, jeusi kwa rangi na mafuta, mgongo wake umechimbika mifereji laini.

"Nanoa visu hapa," Jotham akasema. "Nililipata nilipochukua duka. Yule wa kwanza alikuwa muuza samaki, na yeye alikuwa ananoa. Hakuna kitu inanoa kama hii, nakuapia."

Harith alipiga magoti. Akaomba maji ya moto na brashi. Gakii akamletea ile ya kusugulia sufuria, "na usinirudishie," akasema. Alisugua upande uliotazama ukuta, mkono umejipinda, uso karibu na ardhi. Rangi ikatoka kwa magamba. Ikatokea herufi ya jina la kanisa. Kisha mduara. Kisha mkia wa mduara.

"Sema ni nini," Jotham akasema, naye ameshainama.

"Ni tisa."

"Wacha!"

Gakii alikuja na simu, akamulika. Akasoma kwa kidole, akamgeukia mumewe. "Jotham, miaka nane umekuwa ukinolea visu juu ya historia ya watu."

"Si walikuwa wameiacha hapa?"

Usiku huo Harith alimpigia simu Anselm. Akategemea furaha. Akapata sauti kavu.

"Jiwe linaweza kubebwa, Harith. Baada ya vita watu walijengea chochote walichookota. Umepata jiwe. Hujanionyesha mpaka."

Ilimchoma, kwa sababu ilikuwa kweli. Baba yake angeuliza hivyo hivyo.

Kwa hiyo Jumatano, siku moja kabla ya matembezi, Bhavini alipanda treni ya Jubilee kutoka Queensbury, akabadili Green Park, akafika Tottenham na mkanda wa kupimia ndani ya mkoba, kama fundi cherehani wa majitu. Anselm naye akaja na mkongojo. Kwapani alikuwa na kitu kirefu kilichoviringishwa kwenye mfuko mweusi wa taka.

Ramani ilisema kutoka jiwe la nane hadi la tisa, kwa kufuata kijito, ni mita sitini na nne. Lakini kijito kilipita mahali ambapo sasa pana kuta za watu. Walisimama kwenye jiwe la nane na mkanda wao, wakatazama ukuta wa kwanza, na Harith akaona siku yake inakwisha.

"Nifuateni," Anselm akasema.

Miaka thelathini na moja ya barua. Alijua kichochoro nyuma ya dobi, alijua lango lisilofungwa, alijua mzee wa Kisaiprasi aliyepokea vifurushi kwa mlango wa uani. Aligonga, na milango ikafunguka. "Anselm! Wewe hujafa?" Wakapita uwa mmoja, wa pili, wa tatu, Bhavini akisoma namba, Harith akishika ncha, Anselm akitangulia kwa mkongojo bila kujua kwamba anatangulia. Ukuta wa mwisho, wa Jotham, haukuwa na mlango. Gakii alipanda kreti upande wa pili, akapokea ncha ya mkanda juu ya ukuta.

"Ivute mpaka sitini na nne, dada yangu," Bhavini akapaza sauti. "Imefika wapi?"

"Ngoja... Imefika hapa. Lakini si kwa ile kichwa yenye tisa."

Harith aliweka sikio ukutani.

"Iko mbali kiasi gani?" Anselm akauliza, Harith akamfasiria.

"Kama nusu hatua hivi. Tuseme urefu wa hiyo jiwe yenyewe."

Walizunguka wote mbio, wakaingia dukani, wakatoka uani. Harith alisimama pale mkanda ulipoishia, akatazama jiwe lililolala, akatazama miguu yake, kisha akacheka kwa sauti.

"Halikuhama," akasema. "Limeanguka. Lilikuwa limesimama hapa nilipo, likaangushwa, na kichwa chake kikafika pale. Mtu akalikuta limelala mlangoni kwake, akaliacha liwe ngazi."

Anselm aliinama kwa shida, akaweka kiganja juu ya ile mifereji ya visu. Kisha akajishusha juu ya kreti la nyanya.

"Kutoka kona ile ya lami mpaka hapa, mbuzi watatu na mita arobaini," akasema. "Hizo ndizo nilizokosea. Miaka ishirini na miwili."

"Ulitunza kumi na moja, bwana," Harith akamwambia. "Bila wewe nisingekuwa na la nane la kuanzia."

Anselm aliufungua mfuko wa taka, akatoa fimbo ya shaba, akampa.

"Sasa mnataka kuinua jiwe langu?" Jotham akauliza kutoka mlangoni, kisu mkononi. "Semeni mapema."

"Hakuna atakayeligusa," Harith akasema. "Lipo kwake. Sisi ndio tutakaokuja."

"Mtapitia wapi? Hakuna njia nyingine."

Wakatazamana wote.

Na ndivyo ilivyokuwa, Alhamisi ya Kupaa, watu arobaini wenye fito za mwerebi walipoingia kwenye bucha la Jotham mmoja mmoja, Harith Kombo mbele na koti lake la Idi, kasisi nyuma yake na kanzu nyeupe iliyonasa kwenye gunia la viazi. Gakii alisimama juu ya kiti akiongoza watu kama askari wa barabarani.

"Mguu! Angalia ndizi! Wewe wa kofia, usiguse nyama! Songa, songa, padre, songa!"

Wateja waliokuwa kwenye foleni waliacha foleni wakafuata. Uwa ulijaa, waliobaki wakajaa dukani, wa mwisho wakasimama barabarani. Ummukulthum alikuwa ameingia katikati na baibui lake, ufito mkononi, akisema, "Nipisheni, yule wa mbele ni wangu." Bhavini alikuwa amepewa kreti la nyanya akalie.

Harith aliinua fimbo. Alitaka kusema maneno, aliyapanga usiku kucha. Akaona hayana haja.

Akapiga.

"Tisa!"

"Tisa!" wakaitikia uani, na dukani, na nje. Jiwe lilitoa mlio mkali, mfupi, ambao lami haiwezi kuutoa hata ukiipiga miaka mia. Kisha fito zote zikashuka.

Asubuhi yake, Ijumaa, Harith alikuwa kwenye usukani. Saa moja na dakika kumi alisimamishwa na taa nyekundu, bonde la barabara mbele yake. Pembeni, mbele ya duka la Jotham ambalo lilikuwa bado limefungwa, Anselm alikuwa amepiga goti lake zima juu ya gazeti, lile bovu amelinyoosha ubavuni, mkongojo chini. Alikuwa na chaki nyeupe. Alianzia ukutani, akaja akichora mstari wa mpaka kuvuka njia ya waendao kwa miguu, akisogeza gazeti, akisogea nalo, mpaka ukingo wa barabara. Watu waliokuwa wakiwahi treni walimzunguka. Muuguzi mmoja aliyetoka zamu ya usiku, kitambulisho bado shingoni, akasimama, akauliza kitu. Anselm akamwonyesha kwa chaki: ukutani, chini ya barabara, ng'ambo ya pili. Muuguzi akafuata mkono ule kwa macho. Kisha akaweka mfuko wake chini, akachukua chaki, na kwa kuwa yule mzee hakuweza kuinuka upesi, akangoja magari yasimame, akashuka barabarani mbele ya basi la Harith, akaanza kuuendeleza mstari.

Taa ikawa kijani. Nyuma wakapiga honi. Harith hakuondoa mguu kwenye breki mpaka muuguzi alipofika ng'ambo.